UZI: Kupanga ratiba ya kurasa za mapema kwa wachangiaji wa komiki huru (pengo, akiba, saa, na mahali kurasa zinapovujia)

KalamuMbili

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wachoraji wanaotoa komiki yao wenyewe mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa, bila mchapishaji, na wanataka wanaochangia hela wasome kabla ya watu wengine. Naanza na hesabu, maana wengi huharibikiwa hapo hata kabla hawajafungua akaunti ya kupokea michango.

Ratiba ya wachangiaji ndiyo mama, ratiba ya umma ni mtoto wake. Watu wengi hufanya kinyume. Wanapanga siku ya umma kwanza, halafu wanasema wachangiaji watatumiwa mapema kidogo. Hiyo "mapema kidogo" haidumu. Wiki ngumu ikija, ukurasa mpya unakwenda kwa wote siku moja, na aliyelipa hajapata alicholipia. Mchangiaji hanunui ukurasa, kwa sababu ukurasa atausoma bure akisubiri. Ananunua pengo kati yake na asiyelipa. Kwa hiyo kazi yako yote ya ratiba ni kulinda pengo hilo.

Chukulia komiki inayotoa kurasa 2 kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Fungua jedwali: safu A namba ya ukurasa, safu B tarehe ya wachangiaji, safu C tarehe ya umma. Kwenye C usiandike tarehe kwa mkono hata mara moja. Weka fomula =B2+21 na uiteremshe hadi chini. Ukurasa wa wachangiaji wa Jumanne 6 Januari 2026 utafunguka kwa umma Jumanne 27 Januari, na wa Ijumaa 9 utafunguka Ijumaa 30. Namba lazima igawanyike kwa 7, ili siku ya wiki isihame. Ukiahidi "mwezi mmoja mbele", mara mwezi una siku 28, mara 31, na ndani ya miezi michache kurasa za umma zitakuwa zinatoka Alhamisi na Jumapili bila wewe kupanga hivyo.

Pengo la siku 21 kwa kasi hiyo ni kurasa 6. Juu yake weka akiba ya kurasa 4 ambazo hakuna anayeziona, si umma wala wachangiaji. Jumla kurasa 10 zilizokamilika, zenye maandishi na rangi, kabla ya kufungua mlango wa michango. Michoro ya penseli usiihesabu.

Kwa nini siku 21, si 7 wala 42? Siku 7 ni kurasa 2 tu, mtu haoni tofauti. Na 42 ina tatizo la malipo: pengo likiwa refu kuliko mzunguko wa malipo, mtu akilipa mwezi mmoja na kuacha mwezi unaofuata, umma haujamfikia alipoishia. Analipa mwezi mmoja kati ya miwili na bado yuko mbele daima. Pengo likiwa siku 21, akiacha mwezi mzima umma unamfikia siku ya 21, na siku 9 zilizobaki anasubiri kama wengine. Pengo liwe fupi kidogo kuliko mzunguko wa malipo.

---

Tochi_ya_Usiku

Asante mleta mada. Swali: komiki ambayo tayari iko wazi hadi ukurasa wa 48, na akiba hakuna kabisa, inaanzaje? Kurasa 10 kwa mkupuo ni wiki tano za kukaa kimya.

---

KalamuMbili

Mkuu, si lazima unyamaze. Njia iliyo safi zaidi ni kusubiri mwisho wa sura. Sura ikiisha, tangaza kwamba umma unapumzika wiki 3, nawe endelea kuchora kwa kasi ileile ya kurasa 2. Wiki 3 mara kurasa 2 ni kurasa 6, na hilo ndilo pengo lako lote. Wachangiaji wanaanza sura mpya siku ileile mapumziko yanapoanza, kwa hiyo wa kwanza kujiunga wanapata kitu kuanzia siku ya kwanza.

Kama sura iko katikati na haikatiki vizuri, punguza umma hadi ukurasa 1 kwa wiki huku wewe ukichora 2. Pengo linakua kwa ukurasa 1 kila wiki, na wiki ya 6 limekamilika, kisha umma unarudi kwenye 2. Ni polepole lakini hakuna kimya. Waambie wasomaji tangu siku ya kwanza kwamba ni wiki 6 na wape tarehe ya mwisho. Wasomaji huvumilia upungufu wenye tarehe.

Ila angalia, njia zote mbili zinakupa pengo tu, hazikupi akiba. Zile kurasa 4 za akiba zichore kabla, au rudia mapumziko mafupi ya wiki 2 mwisho wa sura inayofuata kwa pande zote mbili. Ukifungua michango bila akiba, homa ya siku tatu inatosha kuvunja ahadi.

---

Fremu_Tupu

Nakubaliana na hesabu, lakini mmeruka suala la ngazi. Wengi wanaweka ngazi tatu: wa chini wiki 1 mbele, wa kati wiki 2, wa juu wiki 4. Usifanye hivyo. Kila ukurasa unakuwa na matukio manne ya kufunguka, umma ukiwemo. Kurasa 8 kwa mwezi mara 4 ni matukio 32 ya kupanga na kukagua, na moja likikosewa mtu wa ngazi ya juu anamwona wa ngazi ya chini akisoma kabla yake. Weka pengo moja kwa wachangiaji wote. Anayetaka kutoa zaidi mpe vitu visivyo na tarehe: michoro ya penseli, faili lenye matabaka, jina lake nyuma ya kitabu kitakapochapwa, kura ya vazi la mhusika.

Pale ambapo sikubaliani na mleta mada ni mchoraji anapokwama. Akiba ikiisha wengi watakuambia usimamishe pande zote mbili. Mimi nasema umma uendelee kwa muda. Wasomaji wapya huingia kwa mlango wa umma, ukiufunga wiki mbili wanasahau njia.

---

KalamuMbili

Hapo tutofautiane kwa heshima. Kurasa za umma zikiendelea wakati za wachangiaji zimesimama, pengo linapungua kurasa 2 kila wiki. Wiki ya 3 pengo ni sifuri, na wachangiaji bado wanatozwa. Halafu ili kurudi kwenye siku 21 itabidi upunguze umma tena wiki 6 nyingine. Umeahirisha maumivu na kuyaongeza.

Kanuni ninayoitetea: kila ukurasa unaochelewa, sogeza safu B, na C itasogea yenyewe kwa fomula. Pande zote zinachelewa sawa, pengo linabaki.

---

Fremu_Tupu

Basi tukutane katikati. Umma uendelee wiki 1 tu, pengo lishuke kutoka 21 hadi 14, na katika mwezi huo usiwatoze wachangiaji. Patreon, jukwaa la kupokea michango mtandaoni, inamruhusu mchoraji kusitisha malipo ya mwezi, sharti ufanye hivyo kabla tarehe ya kutozwa haijafika. Wiki ya pili, simamisha zote.

---

KalamuMbili

Kwa sharti la kutowatoza, nakubali. Bila sharti hilo, hapana.

---

Paneli_Sita

Nije upande wa mitambo, maana ndiko kurasa zinakovujia. Naongelea WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, kwa sababu komiki nyingi huru zenye tovuti yao zinakaa humo.

Kwanza, saa. Ingia kwenye mipangilio ya jumla, sehemu ya ukanda wa saa, uchague mji: Nairobi au Dar es Salaam. Tovuti mpya mara nyingi huwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Ukipanga 20:00 bila kubadilisha, ukurasa unafunguka saa 5 usiku badala ya saa 2.

Pili, chapisho lililopangwa lisilofunguka. WordPress haina saa inayotembea yenyewe. Inakagua kama kuna chapisho lililoiva pale tu mtu anapotembelea tovuti. Komiki ndogo yenye wageni wachache saa hiyo, au tovuti ambayo kurasa zake zinatolewa kutoka kwenye hifadhi ya muda (cache, yaani nakala za kurasa zilizotunzwa tayari) bila kuiamsha WordPress, chapisho linapitwa na muda na kubaki limeandikwa kwamba limekosa ratiba. Dawa: kwenye faili la wp-config.php ongeza mstari

define('DISABLE_WP_CRON', true);

kisha kwenye paneli ya sava weka kazi ya kila dakika 5:

*/5 * * * * wget -q -O /dev/null "https://tovutiyako/wp-cron.php?doing_wp_cron"

Ukiweka mstari wa kwanza ukasahau wa pili, hakuna kitakachofunguka kabisa, kwa hiyo fanya yote mawili katika kikao kimoja na ujaribu kwa chapisho la dakika 10 mbele.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kupanga chapisho hakufichi picha. Chapisho limefungwa, lakini picha ukishaipandisha iko wazi kwa yeyote mwenye anwani yake. Msomaji akiona ukurasa wa leo uko

/wp-content/uploads/2026/01/ukurasa-056.jpg

anabadilisha 056 kuwa 057, na anasoma bure hadi mwisho wa ulichopandisha. Jina la kila faili liwe na mkia wa herufi zisizokisika: ukurasa-057-k7x2qf.jpg. Mkia uwe tofauti kwa kila ukurasa. Mkia mmoja kwa wote haufai kitu, kwa kuwa akishauona mara moja anao. Ongeza pia Options -Indexes kwenye faili la .htaccess ili mtu asiweze kufungua folda na kuona orodha nzima.

Bado kuna mlango wa nyuma. WordPress ina anwani ya /wp-json/wp/v2/media inayoorodhesha picha za tovuti kwa yeyote anayeuliza. Picha uliyoipandisha ukiwa ndani ya chapisho lililopangwa hurithi kufungwa kwa chapisho hilo, haionekani kwenye orodha. Picha uliyoipandisha moja kwa moja kwenye maktaba ya picha haina mzazi, kwa hiyo inaorodheshwa pamoja na mkia wako wa siri. Kwa hiyo fungua chapisho kwanza, pandisha picha ukiwa ndani yake.

Na majina ya faili yasiwe na nafasi wala alama ya ritifaa. Komiki ya Kiswahili hukutana na hili sana: faili linaloitwa ng'ambo-057.jpg linaweza kukuletea kiungo kilichovunjika mahali fulani. Andika ngambo.

---

Tochi_ya_Usiku

Je, mtu anayetumia Patreon peke yake bila tovuti, hayo ya faili yanamhusu?

---

Paneli_Sita

Ya faili hayamhusu, lakini ana yake matatu.

Kichwa cha chapisho kinaonekana hata kwa asiyelipa. Ukiandika "Ukurasa 57: Kifo cha nahodha", umeshaimaliza hadithi bila picha. Andika "Sura ya 4, ukurasa 57" na basi. Vivyo hivyo picha ndogo ya kutangulia: kata kipande kisichosema kitu, mkono, dirisha, bahari.

La pili ni maoni. Ukifungua chapisho lilelile kwa umma baada ya siku 21, maoni ya wachangiaji yanafunguka nalo. Wao wakati wanaandika walikuwa wameshasoma kurasa zilizofuata, kwa hiyo chini ya ukurasa wa 57 msomaji mpya anakuta mjadala wa ukurasa wa 60. Afadhali chapisho la wachangiaji libaki lao daima, na umma upate chapisho jipya.

La tatu ni barua pepe. Taarifa ya chapisho jipya inakwenda mara moja tu, linapofunguka. Ukirekebisha picha baadaye, hakuna taarifa nyingine itakayokwenda. Faili liwe sahihi kabla ya saa.

Na kama wachangiaji wako wanatumia iPhone, weka kiungo cha kujiunga kupitia kivinjari mahali wazi. Uanachama unaonunuliwa ndani ya programu kwenye iOS unaweza kukatwa hadi 30% na Apple, juu ya makato ya jukwaa lenyewe.

---

BintiPwani

Ndugu zangu, mmesema tarehe na mitambo, ila kwa sisi tunaosoma Kiswahili saa yenyewe ni mtego.

Mchoraji anatangaza "saa 2 usiku", halafu kwenye kisanduku cha kupanga anaandika 2:00 na kuchagua mchana. Ukurasa unafunguka saa 8 mchana, saa sita kabla. Au anaandika 02:00, unafunguka saa 8 usiku watu wamelala. Kwenye jedwali la KalamuMbili ongeza safu mbili: moja saa ya mashine (20:00), nyingine saa ya tangazo (saa 2 usiku), na uzinakili kila moja mahali pake bila kufikiria upya kila mara.

Usipange kitu 00:00. Umeandika tarehe 30, msomaji anasubiri jioni ya tarehe 30 wakati ukurasa ulishatoka saa 6 usiku wa kuamkia siku hiyo. Na usitangaze "usiku wa Ijumaa". Kwa wazee wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likishazama. Kwa kijana wa Dodoma au Nakuru ni Ijumaa yenyewe jioni. Andika "Ijumaa tarehe 30 Januari, saa 2 usiku, saa za Afrika Mashariki".

Hiyo 20:00 ni saa nzuri kwa sababu inawapata wengi walio mbali wakiwa macho. Muscat wako saa 1 mbele, kwao ni saa 3 usiku. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako saa 1 nyuma yetu, kwao saa 1 usiku. London ni 17:00 wakati wa baridi na 18:00 wakati wa kiangazi. New York ni 12:00 au 13:00.

Sisi saa zetu hazibadiliki, zao hubadilika, tena si siku moja. Mwaka 2026 Marekani inasogeza saa Jumapili 8 Machi, Uingereza na Ulaya Jumapili 29 Machi. Katika wiki hizo tatu mchangiaji wa New York ameshahama na wa London hajahama. Kurudi nyuma, Ulaya ni 25 Oktoba, Marekani 1 Novemba. Wewe usibadilishe chochote kwenye jedwali. Weka tangazo fupi siku mbili kabla, kwamba kwao ukurasa utaonekana umesogea saa moja. Usipotangaza utaulizwa na kila mtu peke yake.

Kama umesafiri na kompyuta imejibadilisha saa, hakikisha ukanda wake kabla ya kupanga lolote.

---

Tochi_ya_Usiku

Dada BintiPwani, asante sana, hilo la usiku wa Ijumaa halikuwa limenijia. Swali la mwisho toka kwangu: wachangiaji wa hapa nyumbani wasio na kadi ya benki. Wanalipa kwa simu. Wanawekwaje kwenye ratiba hii?

---

LipaNambaTu

Hapa nina la kusema. Malipo ya simu kwa sehemu kubwa hayajirudii yenyewe, mtu hulipa kwa mkono kila mwezi. Kenya kuna M-Pesa Ratiba, ambayo Safaricom iliianzisha 2024, mteja anapanga kiasi na siku na simu inalipa yenyewe. Mwelekeze mchangiaji wa Kenya huko, utapunguza kukumbushana. Tanzania, tumia Lipa Namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) na jedwali.

Jedwali hilo liwe na jina la utani analotaka mtu, tarehe aliyolipa, na tarehe ya mwisho ambayo ni tarehe ya malipo jumlisha 30. Ongeza siku 5 za uvumilivu kabla ya kumtoa. Chini ya hapo utawatoa watu waliochelewa mshahara, na kumrudisha mtu ni kazi kuliko kumsubiri. Usilazimishe wote walipe tarehe 1, kila mtu na tarehe yake, kagua jedwali mara moja kwa wiki, Jumatatu kwa mfano.

Kurasa zipeleke kwa chaneli ya faragha ya Telegram. Kundi la WhatsApp ni rahisi kulianzisha, lakini kila mwanachama anaona namba za wenzake, na wachangiaji wako hawakukubali hilo walipolipa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022. Namba ya simu ni taarifa binafsi. Kwenye chaneli ya Telegram wasomaji hawaonani.

Telegram inaruhusu kupanga ujumbe hadi mwaka mmoja mbele, na ujumbe 100 uliopangwa kwa chaneli moja. Kwa kurasa 8 za mwezi hutafika huko. Tengeneza kiungo cha mwaliko kinachohitaji idhini yako, ili kikisambaa kisimwingize mtu yeyote. Washa kizuizi cha kuhifadhi na kusambaza.

Tuma ukurasa kama faili, si kama picha. Ukituma kama picha programu inaubana na herufi ndogo kwenye viputo zinakuwa ukungu. Kwa kuwa watu wanasoma kwa bando, toa nakala ya upana wa pikseli 1200, JPEG ya ubora wa 80 hadi 85, na ulenge chini ya KB 500 kwa ukurasa. Ile ya kuchapa, kwa mfano A5 ya nukta 300 kwa inchi ambayo ni pikseli 1748 kwa 2480, ibaki kwako. Ikivuja nakala ndogo, kitabu chako cha karatasi bado kina thamani.

Jambo moja linalowasumbua wengi: ukimwondoa mtu kwenye chaneli, Telegram inamweka kwenye orodha ya walioondolewa. Akilipa tena, kiungo hakitamkubali mpaka umtoe kwenye orodha hiyo kwanza. Mtu amelipa na mlango haufunguki, atadhani ametapeliwa.

---

Fremu_Tupu

Na wanaopiga picha ya skrini na kuisambaza?

---

LipaNambaTu

Huwezi kuzuia kabisa. Andika chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo zinazosomeka, "Nakala ya wachangiaji, itafunguliwa kwa wote 30 Januari" na anwani ya tovuti. Anayeipata kundini anajua itatoka lini na wapi. Usiweke namba ya simu ya mchangiaji kwenye picha ili kumtambua. Ukivuja, umemwanika mtu kwa kosa ambalo pengine ni la mdogo wake aliyeshika simu.

Nakala hiyo yenye maandishi ihifadhi kwenye folda yake, mbali na nakala ya umma. Zikichanganyika, umma utapata ukurasa unaosema bado haujafunguliwa.

---

KalamuMbili

Mchango mzito. Naongeza faida ya pengo ambayo haijatajwa: marekebisho. Siku 7 za kwanza ni za kupokea makosa kutoka kwa wachangiaji, tahajia, rangi ya kanzu iliyobadilika kati ya fremu, kiputo kilichoelekezwa kwa mhusika asiyesema. Siku ya 8 hadi 14 unarekebisha. Baada ya siku ya 14 faili la umma limefungwa na halibadilishwi tena, hata ukiona mstari usiokupendeza, maana marekebisho ya dakika za mwisho ndiyo yanayopandisha faili lisilo lenyewe.

Kwa hili kufanya kazi, maandishi yabaki kwenye tabaka lake. Ukiyaunganisha na mchoro, kosa la herufi moja linakuwa kazi ya saa nzima. Na viputo vya Kiswahili viwe vipana: neno kama "tutakapowafikishia" halikubali kiputo chembamba, na likikatwa likatwe kwenye silabi, tutakapo-wafikishia, kamwe si katikati ya ng' au mb.

Kwa WordPress, ukipandisha faili lililorekebishwa lenye jina lilelile, mfumo unaongeza namba mwishoni na chapisho linaendelea kuonyesha la zamani. Ondoa picha ya zamani ndani ya chapisho, weka mpya, kisha futa ya zamani kwenye maktaba.

---

Tochi_ya_Usiku

Kazi yote hii ya kupandisha inafanyika kila wiki au kwa mkupuo?

---

KalamuMbili

Mkupuo, siku moja kwa mwezi, mchana ambapo umeme na mtandao vipo. Usitegemee kubonyeza kwa mkono saa 2 usiku. Siku umeme ukikatika ndiyo siku utakayovunja ahadi.

Siku hiyo anza na jedwali: hakikisha akiba ni kurasa 4. Ikiwa ni chini ya 2, tangaza leo mapumziko ya mwisho wa sura, usisubiri ifike sifuri. Kisha toa nakala mbili za kila ukurasa, ya wachangiaji na ya umma, na mikia ya majina. Panga za wachangiaji zote za mwezi. Panga za umma zile tu zilizovuka siku 14 za marekebisho. Nyingine zisubiri mwezi ujao, isipokuwa tarehe yake inaangukia kabla ya mkupuo unaofuata. Hiyo weka kikao kifupi cha katikati ya mwezi.

Halafu kagua. Fungua dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti, jaribu anwani ya chapisho lijalo, inatakiwa ikatae. Jaribu anwani ya picha yake kwa kubahatisha namba, ikatae. Fungua ile orodha ya wp-json, tafuta namba ya ukurasa ujao, isiwepo. Ingia kwa akaunti ya pili ambayo ni ya mchangiaji wa kawaida, hakikisha anaona kinachomhusu. Dakika 15.

---

Paneli_Sita

Ongeza moja kwenye ukaguzi. Kama tovuti ina hifadhi ya muda, ukurasa wa mbele unaweza kubaki wa jana hata baada ya chapisho kufunguka vizuri, na wasomaji wataona kama umechelewa. Weka mpangilio wa kufuta hifadhi ya ukurasa wa mbele kila chapisho jipya linapofunguka, na kitufe cha "ukurasa unaofuata" kwenye ukurasa uliotangulia kifutwe nacho. Hicho cha pili ndicho kinachosahaulika: msomaji yuko 056, 057 imeshatoka, na kitufe bado hakipo.

---

BintiPwani

Na kwenye jedwali, safu ya saa ya mashine iwekwe maandishi tu, si muundo wa saa. Programu nyingine za jedwali zikifunguliwa kwenye simu yenye mpangilio wa Marekani hugeuza 20:00 kuwa 8:00 PM, na mtu anayepanga kwa niaba yako anaweza kuisoma kama saa 8.